Unasafiri ng'ambo? Tayarisha afya kabla ya sanduku

KILA mwaka, miezi ya Agosti na Septemba inapowadia, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi hujaa jamaa waliokuja kuwaaga binti zao. Huyu anakwenda Uingereza kusoma, yule Ujerumani kufunzwa uuguzi, na mwenzao anaelekea nchi za Ghuba kufanya kazi. Mama anafuta machozi, shangazi anaomba dua, na sanduku limejaa mpaka zipu yakaribia kupasuka: unga wa ugali, majani chai, vitenge na hata sufuria.

Lakini hebu mwulize binti huyo amebeba nini kwa ajili ya afya yake. Aghalabu atakuonyesha vidonge vichache vya kutuliza maumivu ya kichwa, basi. Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari, na safari ndefu ni mahali pazuri pa kuutumia usemi huo. Kinachomlinda msichana ugenini si sanduku kubwa linalopelekwa chini ya ndege, bali mambo machache aliyoyatengeneza mapema na mkoba mdogo anaoubeba begani.

Mfano wa kuzingatiwa

Chukua mfano wa msichana wa miaka 22 aliyezaliwa na kulelewa Nairobi. Wiki moja kabla ya safari, anakwenda Siaya kumwaga nyanya yake na kupokea baraka. Nyumba imejaa wageni, hivyo analala kwenye mkeka bila neti kwa siku tatu. Anarudi Nairobi, anapanda ndege na kufika Uingereza salama.

Siku ya 12 tangu atoke Siaya, akiwa peke yake chumbani, mwili unachemka. Anatetemeka, viungo vinamuuma na hamu ya chakula imekwisha. Wanafunzi wenzake wanamwambia ni mafua tu, kwamba baridi humsumbua kila mgeni. Naye anameza vidonge na kujifunika blanketi.

Huo ni mfano tu, lakini madaktari wanaujua vizuri. Malaria ya aina ya falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi hapa Kenya, haijitokezi siku ile mbu anapouma. Vimelea hukaa kwanza ndani ya ini, na aghalabu homa hutokea kati ya siku saba na mwezi mmoja baadaye. Ina maana kwamba mtu anaweza kuumwa na mbu Siaya, Busia au Kilifi na kuugulia London, ambako hakuna jirani atakayemwambia, "Hiyo ni malaria, nenda ukapimwe."

Isitoshe, mtu aliyelelewa Nairobi, ambako malaria ni nadra, hana kinga ya mwili kama ya yule aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria. Kwake ugonjwa huu unaweza kugeuka kutoka homa ya kawaida hadi hali ya kupoteza fahamu katika muda wa siku moja au mbili. Uingereza peke yake iligundua zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria mwaka 2023, wote wakiwa wameupata ugonjwa huo nje ya nchi hiyo, na wengi wao katika Afrika.

Kwa hivyo matayarisho ya safari huanzia kwa nyanya. Usiache kwenda kuaga, maana baraka ni baraka. Lakini nenda na neti yako, jipake dawa ya kufukuza mbu jioni, na umwulize daktari mapema kuhusu dawa za kuzuia malaria. Dawa hizo zipo za aina kadhaa, na baadhi hazimfai mwanamke mjamzito. Zote ni lazima ziendelezwe kwa siku kadhaa au wiki baada ya kuondoka kwenye mbu, hata kama wakati huo utakuwa umeshafika ng'ambo.

Anza wiki sita mapema

Mwendee daktari angalau wiki sita kabla ya safari. Chanjo nyingine hutolewa kwa awamu, nyingine huhitaji siku kadhaa kabla ya kuanza kufanya kazi, na kitu kilichofanywa jana ya safari mara nyingi huwa ni bure.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowasumbua Wakenya wengi. Kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, nchi kadhaa, zikiwemo India na Afrika Kusini, hudai cheti chake kutoka kwa wasafiri wetu. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Zamani kilidumu miaka 10, lakini tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali kwamba chanjo moja yatosha kwa maisha yote. Kwa hivyo, ikiwa ulichanjwa zamani na bado unacho cheti chako, huna haja ya kuchanjwa upya.

Lakini tahadhari: hii ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwanamke mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye mzio mkali wa mayai, au ambaye kinga ya mwili wake imepungua sana, ni sharti amweleze daktari kabla ya kudungwa sindano.

Anayekwenda chuo kikuu aulizie pia chanjo ya uti wa mgongo na ya ukambi. Magonjwa haya huenea upesi mahali vijana wengi wanapolala pamoja. Nchini Uingereza, wanafunzi wapya walio chini ya umri wa miaka 25 huweza kupata chanjo ya uti wa mgongo bila malipo wakiisha kujiandikisha kwa daktari.

Mkenya anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hutakiwa kupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Cheti hicho nacho hudumu miezi sita. Kwa kuwa kipimo huhusisha picha ya eksirei ya kifua, msichana anayeshuku kwamba ana mimba aseme kabla ya kupigwa picha, asione haya.

Usisahau meno na macho. Kung'oa au kuziba jino ng'ambo ni ghali mno. Kama unavaa miwani, beba ya pili pamoja na karatasi yenye vipimo vyako.

Karatasi ni sehemu ya dawa

Kuna wasichana wenye pumu, kisukari, kifafa, selimundu au maradhi mengine yanayohitaji dawa kila siku. Wengine wanatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Wote hao wafuate kanuni hii: dawa ikae katika chupa au pakiti yake ya asili yenye jina la mwenyewe, iandamane na barua ya daktari iliyo kwa Kiingereza, na isafirishwe katika mkoba wa mkononi. Barua itaje jina la kitaalamu la dawa, kwa maana majina ya kibiashara hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Sanduku likipotea, dawa yako haitapotea nalo. Tena insulini haifai kuwekwa katika mizigo ya chini ya ndege, kwani baridi ya huko inaweza kuigandisha na kuiharibu.

Jambo linalowaponza wengi ni kubeba dawa za maumivu bila kujua sheria ya nchi waendayo. Tramadol na dawa zenye kodeini hudhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, msafiri hutakiwa kupata kibali cha wizara ya afya kabla hajaingia nazo. Mnamo Desemba 2017, mahakama moja nchini Misri ilimhukumu mwanamke Mwingereza kifungo cha miaka mitatu kwa kuingia na vidonge karibu 300 vya tramadol, ambavyo alisema alimpelekea mwenzi wake mwenye maumivu ya mgongo.

Funzo ni kwamba usikubali kamwe kumbebea mtu dawa, hata akiwa ni jirani wa mama yako. Miraa nayo iache nyumbani: Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na nchi nyingine nyingi huihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Mkoba wa begani uwe na nini?

Fikiria kwamba sanduku lako kubwa limechelewa siku tatu. Je, vitu ulivyo navyo begani vitakutosheleza? Mkoba uwe na vitu vifuatavyo:

- Pasipoti, cheti cha chanjo, barua ya daktari na karatasi ya bima, pamoja na nakala za kila kimoja zikiwa zimewekwa mahali pengine. Picha zake ziache pia kwa mtu unayemwamini nyumbani.

- Dawa zako zote za kila siku. Viwanja vingi vya ndege hudhibiti majimaji yanayozidi mililita 100, lakini dawa za maji huruhusiwa ukionyesha barua.

- Kipimajoto cha betri. Kile cha zebaki huvunjika upesi, tena hakiruhusiwi mkobani.

- Parasetamoli, plasta, na pakiti chache za unga wa chumvi na sukari wa kurejesha maji mwilini.

- Sodo za kutosha siku kadhaa, nguo mbili za ndani, sabuni ndogo, na mfuko wa plastiki.

- Soksi nzito na shali, kwani ndani ya ndege kuna baridi.

- Karatasi ngumu iliyoandikwa kwa mkono nambari za simu za mwenyeji wako, jamaa nyumbani na ubalozi wa Kenya. Simu ikiisha chaji, karatasi haiishi.

Bima ya afya si pambo. Anayeomba viza ya muda mfupi ya kwenda nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen hulazimika kuwa na bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Mwanafunzi aendaye Uingereza naye hulipa ada ya afya anapoomba viza. Februari 2024 ada hiyo ilipandishwa hadi pauni 776 kwa mwaka. Ukishailipa, una haki ya kutibiwa. Usikae chumbani ukiugua eti unaogopa gharama ambayo umekwisha kuilipa.

Hedhi na uzazi wa mpango

Haya ni mambo ambayo mama wengi huona tabu kuyazungumza na binti zao, na baba ndio kabisa. Lakini afadhali yazungumzwe mezani nyumbani kuliko msichana ahangaike nayo peke yake ugenini.

Kwanza, hedhi huweza kubadilika. Safari, kukosa usingizi, wasiwasi na chakula kigeni vinaweza kuichelewesha au hata kuiruka mwezi mmoja. Hilo peke yake si ugonjwa. Lakini ikiwa kuna uwezekano wa mimba, pima; usingoje. Beba sodo za miezi miwili, uwe na nafasi ya kujua zile za huko zinazokufaa. Ambaye hutokwa na damu nyingi apimwe wingi wa damu kabla ya safari, kwa maana upungufu wa damu humchosha mtu, na mwanafunzi mgeni atadhani ni uvivu au upweke.

Pili, anayetumia njia ya kupanga uzazi asafiri na tarehe zake. Kama ni sindano ya miezi mitatu, beba kadi inayoonyesha ulidungwa lini na dawa gani. Kama ni kijiti cha mkononi, andika mwaka kilipowekwa na kinapopaswa kutolewa.

Kwa wanaomeza vidonge, saa ndiyo mtego. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba au nane kutegemea msimu. Ukimeza kidonge saa tatu usiku kwa saa za Nairobi, kisha kesho yake umeze saa tatu usiku kwa saa za huko, umekaa zaidi ya saa 30 bila dawa. Kuna vidonge ambavyo havivumilii kuchelewa hata saa tatu. Njia nyepesi ni kuiacha saa moja ya mkononi ikiwa na saa za Nairobi mpaka umalize pakiti, au kumeza mapema badala ya kuchelewa. Pia, ukitapika kabla ya saa tatu kupita tangu umeze, chukua kingine.

Tatu, na hili lisemwe wazi: msichana akibakwa au kondomu ikipasuka, kuna saa 72 muhimu. Katika muda huo hospitali inaweza kumpa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo humezwa kwa siku 28, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Zote mbili hufanya kazi vizuri zaidi kadiri zinavyoanzwa mapema. Kuonewa si kosa lake, na asikubali aibu imle saa hizo. Hata hivyo, katika baadhi ya nchi sheria huweza kumgeukia mwanamke mwenyewe; ndiyo sababu nambari ya ubalozi ni lazima iwe karibu.

Ndani ya ndege

Kutoka Nairobi hadi London ni mwendo wa saa tisa hivi. Kukaa kitako muda huo wote huifanya damu itembee polepole miguuni, na inaweza kuganda ndani ya mishipa. Donge hilo likipanda hadi mapafuni, huweza kuua. Kwa kijana mwenye afya hatari ni ndogo, lakini huongezeka kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mjamzito, mnene kupita kiasi, mwenye selimundu, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni.

Kinga yake haina gharama. Kunywa maji, epuka pombe, nyosha na kukunja vifundo vya miguu, na utembee kila baada ya saa moja au mbili. Ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma siku au wiki chache baada ya safari, au ukashikwa na kichomi na kupumua kwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Baridi, giza na jua kali

Anayekwenda Ulaya asinunue koti moja zito akadhani amemaliza. Nguo nyepesi zinazopishana hushika joto kuliko moja nene: fulana ya ndani, sweta ya sufu, kisha koti lisilopenya maji na upepo. Viatu visivyopenya maji ndivyo vya kutolea fedha.

Watu wenye ngozi nyeusi hupata vitamini D kidogo sana katika majira ya baridi ya Ulaya. Nchini Uingereza, wakazi hushauriwa wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku wakati huo, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Giza la saa kumi jioni pia huwatia wengine huzuni isiyo na sababu. Tembea nje mchana, na ukiona wiki mbili zimepita hulali wala hutaki watu, mweleze daktari. Huko si kurogwa wala si udhaifu.

Kwa anayekwenda Ghuba, adui ni joto, ambalo katika miezi ya Juni hadi Agosti huzidi nyuzi 40. Kunywa maji kabla ya kiu kukushika. Kizunguzungu, kichwa kuuma na mkojo kuwa wa rangi nzito ni dalili za mwili kukaukiwa. Kuchanganyikiwa huku mwili ukiwa wa moto ni dharura. Jifunze nambari za dharura kabla hujazihitaji: 999 Uingereza, 112 Ulaya, 911 Marekani, na 998 kwa ambulensi katika Umoja wa Falme za Kiarabu.

Ukifika, na ukirudi likizoni

Jambo la kwanza ukifika si kununua laini ya simu tu. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki hiyo hiyo, ukiwa bado mzima.

Na ukipata homa yoyote katika miezi mitatu ya mwanzo, usiitibu kwa kubahatisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo useme: "Nimetoka Kenya. Nilikuwa mahali penye malaria tarehe fulani. Naomba damu yangu ipimwe malaria leo." Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikiendelea, huwa inafaa kirudiwe siku moja au mbili baadaye. Kama umekwisha kumeza dawa uliyotoka nayo nyumbani, itaje.

Mwaka mmoja au miwili ukipita, kuna mtego mwingine. Yule aliyezaliwa Kisumu au Mombasa hudhani malaria haimwezi, maana amekua nayo. Lakini kinga ile ya mwili hudumishwa na kukaa mahali penye malaria; ukiondoka, hupungua. Unaporudi likizoni wewe ni mgeni kama mtalii yeyote, na unahitaji neti na dawa za kuzuia kama yeye.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wiki sita kabla ya safari, kabla ya kununua sanduku, mketisheni binti mwulizane: daktari umemwona? Dawa ziko wapi? Nambari ya ubalozi ni ipi? Na usiku ule wa kumwaga nyanya, mtafutieni neti. Wageni wengine wanaweza kulala sebuleni.